Wanaouguza Watoke Nje

Tunapomtia mtu moyo tunamwambia ajikaze kiume. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji huko Kibondo, na kabla ya hapo nilikaa wodini miaka mingi, na naomba nisaidiwe: huyo mwanamume anayejikaza yuko wapi? Wanaume wanaoletwa kwetu wamevunjika mguu tunawasikia kabla pikipiki iliyowabeba haijafika getini. Silaumu maumivu. Mfupa uliovunjika unauma, na anayelia ana haki ya kulia. Kinachonichosha ni kwamba hospitali hukimbilia sauti, na wanawake wa kwetu wamefundwa tangu wadogo kwamba sauti ni aibu. Binti wa Kiha akipiga kelele leba, habari zake zitasimuliwa kisimani mpaka huyo mtoto aanze shule.

Siwezi kudanganya, wodi ya majeruhi inayofurika ni ya wanaume. Wao ndio wanaoendesha pikipiki, wanaopanda juu ya malori ya mkaa, wanaokatana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba, na wanaokunywa kwanza kisha wakakumbuka kwamba wana safari. Wanawake huja wachache. Lakini wakija huja wamechelewa, na huja na maelezo. Hapakuwa na wa kumwachia watoto. Baba hakuwepo wa kutoa ruhusa. Nilidhani ni uchovu tu, nesi.

Halafu kuna hilo suala la kukaa. Mwanamke wa kwetu akipanda pikipiki hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, kitenge kimebana vizuri, mikono juu ya mapaja kwa heshima. Dereva ana kofia ngumu, abiria ana kilemba. Pikipiki ikiyumba, aliyekaa akitazama mbele ana magoti ya kubania, na aliyekaa upande ana heshima yake tu. Nimewaambia kanisani, nimewaambia sokoni. Wakaniuliza mwanamke aliyetanua miguu juu ya pikipiki anaonekanaje. Nikawajibu kwamba anaonekana mzima. Wakacheka sana, wakapanda upande, wakaenda zao.

Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa waliocheka.

Sisi tumezaliwa Kumsenga, upande wa Kibondo, na mama yetu yuko huko mpaka leo. Dada aliolewa Rungwe Mpya, upande wa Kasulu, na mkulima mwenye pikipiki yake na mdomo wake. Shemeji yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera, maana mtu mbaya angalau unajua uanzie wapi. Ni mcheshi, anapenda watoto wake, hajawahi kumwinulia dada mkono. Mimi naye tunataniana tangu siku alipokuja kuposa akajikwaa kwenye kizingiti chetu. Nilimwambia siku ile kwamba mtu asiyeweza kuingia mlangoni hataweza kuingia barabarani, na hajanisamehe.

Nilikuwa likizo, nipo Kumsenga nikimsaidia mama kupanda maharage, dada aliponipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini imetulia.

"Shemeji yako ameanguka na pikipiki jana," akasema. "Mguu umevunjika. Tuko hospitali, Kasulu."

Nikauliza mguu gani, umevunjika wapi, kuna kidonda au hakuna. Akanijibu yote vizuri, maana dada ni mtu makini. Ndipo nikauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma yake."

"Nyuma yake wapi?"

"Kwenye pikipiki. Mimi mzima. Bega tu linaniuma kidogo, la kushoto. Nafikiri ni kwa kumgeuza."

Mama alikuwa amesimama karibu yangu na jembe, akasikia. Akaniambia nimwambie dada ajitahidi kumwangalia mume wake vizuri. Nikaenda kutafuta begi langu. Muuguzi yeyote wa upasuaji akiambiwa kwamba mtu ameanguka, hakupiga bega, na bega la kushoto linamuuma, hawezi tena kuendelea kupanda maharage. Bandama iko upande huo, chini ya mbavu. Ikipasuka, damu hujikusanya tumboni polepole, na maumivu yanaweza kujitokeza begani. Mtu anaweza kutembea hivyo siku moja, hata siku kadhaa, akipika, akifua, akisema ni mzima, mpaka dakika inapofika asiwe mzima tena.

Nilipanda basi la kwanza asubuhi iliyofuata. Njia nzima nilimpigia nikimsihi amwone daktari, na njia nzima alinijibu kwamba nisiwe na wasiwasi, anachemsha uji.

Habari ya ajali yenyewe niliipata baadaye, nusu kwa shemeji na nusu kwa dada, na nusu hizo hazikukutana vizuri. Walikuwa wanapeleka gunia la maharage kwa mfanyabiashara wa Kasulu mjini. Kwenye mteremko wenye changarawe mbuzi akakatiza. Shemeji akashika breki, pikipiki ikalala, ikamlalia mguu. Dada akarushwa kinyumenyume, ubavu wa kushoto ukapiga jiwe la mtaro. Shemeji akapiga yowe lililosikika kwenye kijiwe cha bodaboda huko chini, na vijana wote wa kijiwe wakapanda mlima. Kwa hilo nawasifu. Waliinua pikipiki, wakasimamisha gari lililokuwa linapita, wakambeba shemeji watu wanne, mmoja akishikilia mguu kana kwamba ni yai. Wengine wakatangulia mbele ya gari wakipiga honi mpaka mjini.

Dada alikuwa amekaa mtaroni. Mmoja wao alimwona, akamwambia, "Pole mama. Okota mzigo, utatukuta hospitali."

Na dada yangu akaokota mzigo. Alifungua kitenge cha juu, akakitandika kwenye changarawe, akaokota maharage yaliyomwagika kwa viganja, huku bandama yake imepasuka. Akaokota kiatu cha mume wake. Kisha akasimamisha bodaboda, akapanda upande, akaenda hospitali kumuuguza mgonjwa. Nimeisikia sehemu hii mara nyingi, na kila mara naona nataka kumtafuta mtu wa kumgombeza na sijui nianze na nani.

Nilifika Kasulu wakati watu wakinywa chai ya asubuhi. Shemeji alikuwa kitanda cha tatu kutoka mlangoni, mguu umefungwa hogo jeupe la plasta mpaka pajani, kifua wazi, akimsimulia jirani yake habari za mbuzi. Mama yake mzazi alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa kichwani. Dada alikuwa ameinama anafuta sakafu chini ya kitanda, kwa sababu uji ulikuwa umemwagika.

Aliinuka kunisalimu, na nikaona. Midomo ilikuwa imepauka. Nikamvuta kope la chini, ndani kulikuwa kweupe. Viganja vyeupe, mapigo ya mkono yanakimbia. Alikuwa amejishika ubavuni kwa kiwiko, kwa namna ya mtu anayebeba mkoba asiotaka uonekane.

"Twende," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Wapi? Hajamaliza uji."

"Atamaliza mwenyewe. Amevunjika mguu, hajavunjika mkono."

Shemeji akacheka. "Umeshafika, mtu mkali? Hata pole hujaniambia."

"Pole. Mke wako anavuja damu tumboni."

Akaacha kucheka, akamtazama dada, naye dada akamtikisia kichwa kumaanisha kwamba mdogo wake ndivyo alivyo. Mama mkwe akasema kwa upole, na upole ndio uliokuwa mbaya, "Ni uchovu, mwanangu. Kuuguza kunachosha. Hata mimi nilipomuuguza marehemu baba yao nilikuwa hivihivi."

Ni jirani wa kitandani aliyesema neno la maana, baba mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa na bandeji kichwani. "Dada, huyu mama iko na maumivu," akaniambia. "Tangu juzi iko nashika ubavu. Niliuliza ye, anasema iko bien, iko muzima."

"Kila mtu anasikia?" nikauliza. "Mgeni mwenye bandeji mpaka machoni ameona, nyinyi wenye macho mawili mawili hamjaona." Nikamgeukia dada. "Mficha maradhi kilio humfichua. Unataka mama aje Rungwe Mpya kufanya nini, kula wali wa matanga?"

Akaanza kutoka machozi, kimya, na bado hakusogea. "Nikilazwa mimi," akasema kwa Kiha ili wa vitanda vya mbali wasielewe, ingawa Kasulu ni nani asiyeelewa Kiha, "nani atamwangalia huyu? Mama hawezi kumgeuza. Na watoto niliwaacha kwa jirani, nilisema ni siku moja."

Nilimfuata nesi wa zamu. Alikuwa mezani anaandaa sindano na mafaili, ana wodi nzima na mikono miwili, namjua huyo nesi kwa sababu ndiye mimi wa miaka yangu ya wodini. Hakuinua macho. Akaniambia kama mwenye kuuguza anaumwa, apelekwe mapokezi, afungue faili, apange foleni ya wagonjwa wa nje. Alichosema ni utaratibu, na mimi mwenyewe nimeusema mara nyingi. Tatizo ni kwamba foleni ile ilikuwa imefika kwenye mti wa mwarobaini huko nje, na dada hakuwa na damu ya kufikia mwisho wake.

Nilirudi kumchukua. Tulipiga hatua chache kuelekea mlangoni, akaishiwa nguvu, akakaa sakafuni kando ya kitanda cha mume wake, upande wa miguu.

Wakati huohuo mlinzi akaingia.

Kama hujawahi kulaza mtu hospitali zetu, nikueleze. Kila asubuhi, kabla madaktari hawajapita kuona wagonjwa, ndugu wote wanaouguza hutolewa wodini. Kuna sababu nzuri: nafasi ni ndogo, watu ni wengi, na kila ndugu ana swali. Mlinzi hupita akigonga vyuma vya vitanda kwa fimbo, "Wanaouguza watoke nje, daktari anapita," na wanawake huinuka na mabeseni yao na chupa zao za chai, wakaenda kukaa ukutani au kwenye karo la kufulia, mpaka waitwe. Nasema wanawake kwa sababu ndio wanaouguza. Mwanamume akiumwa huja na mke, mama, au dada. Mwanamke akiumwa huja na mwanamke mwingine, na akikosa huja peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa dada yangu alivyopotea ndani ya hospitali. Tangu mume wake alazwe, kila daktari alipoingia kwenye wodi ile, dada alitolewa. Saa moja tu katika siku nzima ambayo mtu mwenye uwezo wa kumwona alikuwa ndani, yeye alikuwa nje kwenye karo, anafua mashuka ya mume wake. Daktari akimaliza anaitwa arudi kumpa dawa.

Fimbo ikagonga chuma cha kitanda chetu. "Wanaouguza nje," mlinzi akasema. "Mama, inuka. Utakaa nje."

"Hamuuguzi mtu," nikasema. "Ni mgonjwa."

"Ana kitanda?"

"Hana."

"Basi si mgonjwa wa hapa. Nje."

Nikamwambia mimi ni muuguzi, nafanya kazi Kibondo. Akaniambia kwa adabu kamili kwamba hapa ni Kasulu. Mama mkwe alikuwa ameshakunja mkeka wake, ananiambia nisilete aibu. Wanawake wengine walikuwa wanapita na mabeseni yao. Nilikuwa na hasira ya kutosha kulipua paa. Nikamtazama shemeji, amejinyoosha katikati ya kitanda kizima, na akili ikanijia.

"Sogea," nikamwambia.

"Nini?"

"Sogea, shemeji. Sogeza huo mguu wako."

Nikamshika dada kwapani, nikamlaza palepale, mzungu wa nne, kichwa chake kwenye miguu ya mume wake na miguu yake karibu na mto. Nikamfunika kwa shuka mpaka kidevuni. Wodi nzima ya wanaume ikaamka. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akauliza kama hii huduma ni ya wote. Mkongo akacheka mpaka akashika bandeji yake. Dada akajifunika uso kwa shuka, kwa maana kulazwa kitanda kimoja na mume wake mbele ya watu, katika wodi ya wanaume, mchana, kwake kulikuwa kubaya kuliko kufa. Nadhani angekuwa na nguvu angeshuka akakimbia. Hakuwa nazo.

"Hairuhusiwi," mlinzi akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui la kufanya. Ana utaratibu wa kutoa anayeuguza. Hana utaratibu wa kumtoa mtu aliyelala.

"Ulisema mgonjwa ni mwenye kitanda," nikamjibu. "Huyo hapo, ana nusu."

Daktari akaingia na wenzake. Alikuwa kijana, amechoka, anaanza vitanda vya mlangoni. Alipofika kwetu akasimama.

"Huyu mwanamke anafanya nini hapa?"

"Anauguza, daktari," mlinzi akasema. "Ni mke wa mgonjwa. Nimewaambia watoke."

"Walianguka pamoja," nikasema. "Pikipiki moja, siku moja. Anajishika ubavu wa kushoto. Bega la kushoto linamuuma, mapigo yanakimbia, hana damu usoni. Mshike tumbo. Ukimaliza kumshika unitoe nje na mimi nitatoka."

Daktari akamgeukia shemeji. "Mlikuwa pamoja kwenye pikipiki?"

"Ndiyo," shemeji akasema, "lakini yeye hakuumia."

Daktari akashusha shuka, akaweka kiganja juu ya tumbo la dada. Dada hakutoa sauti. Alinishika mkono, akanibana mpaka kucha zikaingia, na uso wake ukabaki vilevile. Yule kijana alikuwa ameshaona, maana tumbo lilikuwa gumu na limejaa. Akaomba machela kwa sauti ya chini, na nesi wa zamu akaacha mafaili yake, akakimbia.

"Jana nilipita hapa," daktari akasema, kama anayejisemea. "Nilimwona huyu mwenye mguu."

"Jana alikuwa nje," nikamwambia. "Anafua."

Siku zangu za kazi sasa huwa nipo ndani ya ule mlango wa chumba cha upasuaji, wenye taa nyekundu. Siku ile nilikaa kwenye benchi la saruji upande wa pili, na nilijua kila wanachofanya humo na sikuweza kufanya lolote. Walihitaji damu. Mimi nilitoa. Vijana wa kijiwe walikuwa wamefika na soda na chapati kumwona mwenzao, nikawaendea, nikawaeleza. Wale wale waliopanda mlima wakikimbia, sasa mmoja alikumbuka kwamba ana abiria anayemsubiri, mwingine akasema yeye akiona sindano huanguka. Nikawaambia basi aanguke, yuko hospitali, ataokotwa. Wawili wakakubali, na mmoja wao ndiye aliyemwambia dada aokote mzigo. Alitoa damu ametazama ukutani.

Mama mkwe alikaa nami kwenye benchi. Akauliza, "Sasa nani atamuuguza mwanangu?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyetazama mbele akaona pengo barabarani. Nilimeza nililotaka kusema, nikamwambia, "Wewe, mama."

Kisha nikampigia mama yangu Kumsenga, nikamwambia dada yuko chumba cha upasuaji na hatujui.

Mama akauliza, "Amelia?"

"Hajalia."

"Mwanangu huyo," mama akasema, na nilisikia fahari ndani ya kilio chake. Nilitamani kuitupa simu. Nilitamani dada angelia siku ile mtaroni mpaka mbuzi wote wa Rungwe Mpya wakimbie.

Hakufa. Daktari alitoka, akavua kofia, akasema wametoa bandama iliyopasuka na damu iliyojaa tumboni, na kwamba ingepita siku ile asingekuwa na cha kufanya. Nilikaa tena kwenye benchi, nikalia kwa sauti kubwa, na mlinzi akaja akanisimamia bila kuniambia nitoke.

Tulihamia wodi ya wanawake, na mimi nikawa mwenye kuuguza. Kila asubuhi nilitoka nje na beseni kama wenzangu. Upande ule nilijifunza jambo ambalo nilidhani nalijua. Kule kwa wanaume kila kitanda kina mtu wa pembeni, wa kugeuza, kuosha kidonda, kukumbusha dawa, kulisha. Kwa wanawake vitanda vingi vina mgonjwa peke yake. Waume huja saa ya kutazama wagonjwa, husimama miguuni mikono mfukoni, huuliza, "Umekula?" na hawajaleta cha kula. Mama aliyeungua mkono na kifua, wa kitanda jirani, aliondoka kidonda kikiwa bado kibichi kwa sababu watoto walikuwa peke yao Buhigwe na mume wake anataka mihogo ivunwe. Nesi alimkataza, mimi nilimkataza. Akatushukuru, akaenda.

Shemeji alikuja siku moja na magongo yake, nje ya saa ya kutazama wagonjwa, mlinzi akamzuia. Akazunguka akasimama dirishani. "Anaendeleaje?" akaniuliza. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa na hofu ya kweli. Nikamwambia anaendelea vizuri, aje jioni, na aje na uji. Jioni alikuja. Alileta soda.

Dada aliruhusiwa baada ya mume wake. Daktari alimweleza mbele yangu na mbele ya shemeji: asibebe maji, asishike jembe, asiinue mtoto, mpaka atakaporudi kuonwa. Shemeji aliitikia kila neno. Nilirudi Kibondo kazini nikiwa na hakika kwamba hakuna atakayefuata hata moja, na wiki chache baadaye niliomba ruhusa, nikaenda Rungwe Mpya kuona.

Nilimkuta dada anatoka kisimani. Ndoo haikuwa kichwani, niwe mkweli, alikuwa ameibeba mkononi, nusu. Alisema nusu si mzigo. Nikamnyang'anya, nikaingia nayo ndani na mdomo wangu wazi, tayari kwa vita, nikakuta wageni.

Ni mama watatu wa jumuiya yao ya kanisani, wamekuja na ndizi na unga, na walichosikia ni kwamba shemeji alianguka na dada akamuuguza. Shemeji alikuwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na alikuwa anasimulia ajali. Anaisimulia vizuri, sikatai. Mbuzi yumo, anamwiga. Mteremko umo, changarawe zimo. Gunia linapasuka na maharage yanatiririka mpaka mtaroni. Vijana wa kijiwe wanapanda mlima. Dada hayumo. Maharage yamo na dada hayumo, na nilipomtazama shemeji niliona kwamba hadanganyi, ndivyo ajali ilivyo kichwani mwake, kwa sababu yeye alikuwa chini ya pikipiki akitazama mguu wake.

Alipomaliza, mama mmoja akamwambia, "Pole sana baba kwa ajali." Kisha akamgeukia dada, aliyekuwa ameshainama kushika chupa ya chai, mkono mmoja ubavuni juu ya mshono, akamwambia kwa upendo, "Na wewe mama, pole kwa kuuguza."

Hayo ndiyo maneno yetu ya heshima. Anayeuguza hupewa pole yake, na jibu lake linajulikana, mtu hujibu bila kufikiri: asante, tumeshapoa. Nilimwona dada akifungua kinywa kulisema. Kisha akakifunga. Akaiweka chupa ya chai chini, katikati ya mkeka, taratibu.

"Mimi nami nilianguka," akasema.

Hakupaza sauti. Mama yule akamtazama, akamtazama shemeji, akarudi kwa dada.

"Kumbe mlikuwa wawili?"

"Tulikuwa wawili," dada akasema.

Akaketi. Alijishusha kwenye mkeka kwa uangalifu, akanyoosha miguu, akaegemea ukuta. Shemeji aliacha mkono wake hewani, ule aliokuwa akimwigia mbuzi. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya vikombe. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kusema, niliyoyabeba tangu Kumsenga, na kwa mara ya kwanza sikuyasema. Chupa ilikuwa pale katikati yetu, na dada hakuigusa, na sote tukakaa tunangoja kuona nani atamimina chai.